Mwaka Mmoja na Padi Mkononi

Tuanze na ugomvi, maana uhakiki usio na ugomvi ni tangazo la biashara. Mwaka uliopita nilisoma riwaya nne, diwani mbili na tamthilia moja. Nikacheza gemu saba. Hesabu hii nilipoitaja kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, chumba kizima kiliguna. Mzee wetu mmoja, mshairi anayetusahihishia vina na mizani bila malipo na ambaye namheshimu hadi kesho, alivua miwani akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa mwanawe kaonekana kijiweni anavuta bangi. “Mwanangu,” akasema, “gemu si ni mambo ya watoto? Ina maudhui gani?”

Swali zuri, na nilimjibu kwa adabu zote, lakini kikao kilikuwa na ajenda nyingine na jibu langu lilikuwa la dakika mbili. Jibu refu ndilo hili.

Sisi tuliopita sekondari tumelelewa na maneno mawili: fani na maudhui. Ukipewa kitabu unakichuna kama mbuzi, ngozi huku, nyama kule. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Upande wa pili muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mtihani ukiisha unatupa ngozi. Sasa ukiichuna gemu kwa kisu hichohicho, kweli utapata mifupa mitupu. Hadithi ya gemu nyingi inaenea nyuma ya kiberiti: jamaa ana bunduki, jamaa ana adui, jamaa kafika mwisho. Wahusika ni bapa kuliko chapati. Lakini gemu ina kiungo kimoja ambacho kitabu hakina, nacho ni kanuni. Unaruhusiwa kufanya nini, unakatazwa nini, unalipwa kwa lipi, unaadhibiwa kwa lipi. Humo ndimo mtunzi wa gemu anamoiweka falsafa yake, hata kama mwenyewe hajui kwamba anayo.

Mzee mwenyewe anacheza bao, tena ni hatari. Hakuna anayemuuliza bao lina maudhui gani. Lakini mtu aliyekaa barazani akamwona mchezaji anavyoilinda nyumba yake wakati wa namua, anavyokataa kuigusa hata kete za mashimo mengine zinapopungua, halafu mwenzake akaila nyumba yote kwa mkono mmoja, huyo ameona habari nzima ya tamaa na subira. Na hakuna neno hata moja lililoandikwa.

Haya, gemu zenyewe. Ya mpira naimaliza haraka. Kampuni ya EA iliachana na FIFA. Toleo la mwisho lenye jina la zamani lilikuwa FIFA 23, na tangu mwaka 2023 gemu inaitwa EA Sports FC. Mtaani kwetu habari hiyo haijafika na sidhani kama itafika. “Twende tukapige FIFA” ndiyo lugha. Juu ya kioo chenyewe sina la kusema: kila mwaka jezi mpya, nywele mpya, bei mpya. Lakini kibandani, ambako mechi moja ni shilingi mia tano na anayefungwa ndiye anayelipa, sanaa haiko kwenye kioo. Iko kwenye benchi la nyuma, kwa wale wasio na hela ya kucheza.

Kuna dogo mmoja pale, darasa la saba kamaliza juzi, anatangaza mechi kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho kama yuko redioni. Wachezaji wote kawabatiza. Mmoja anaitwa Sensa, kwa sababu akishika mpira lazima apite kila nyumba. Mwingine ni Vocha, maana huisha kabla maneno hayajaisha. Bosi mwenye kibanda anaitwa Mahari, kwa vile bila yeye kuridhika hakuna linaloendelea. Usiku mmoja wa benchi lile una tashbihi na kejeli nyingi kuliko zile diwani mbili nilizosoma mwaka jana. Sizitaji diwani hizo, watunzi wake wanajua ninapokaa.

Kibandani hapohapo niliona jambo jingine, na hili halikunichekesha. Ikiwekwa gemu yenye hadithi, wahusika wakaanza kuongea, vijana wanabonyeza kitufe cha kuruka. Hawasubiri hata sentensi ya pili. Chukua Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, gemu kongwe lakini bado inachezwa kwenye mashine za zamani zisizokufa. Vijana wanamjua CJ kuliko wanavyomjua mjumbe wao wa shina. Wanajua baiskeli yake, wanajua Grove Street, wanajua namna ya kuiba helikopta. Waulize kwa nini CJ alirudi nyumbani. Hawajui kwamba alirudi kwenye msiba wa mama yake. Habari hiyo ilisemwa kwa Kiingereza cha mitaani cha Marekani, na kidole kilishafika kwenye kitufe. Kwa hiyo mtu anacheza hadithi ya yatima mwaka mzima akidhani ni hadithi ya magari.

Sasa niingie kwenye gemu iliyoninyima usingizi. Inaitwa Papers, Please. Aliitunga mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na ikatoka mwaka 2013. Mwaka 2022 ikaingia kwenye simu, ndiyo maana na sisi makabwela tumeipata. Picha zake ni mbaya kwa makusudi: rangi za kijivu, nyuso kama zimechongwa kwa panga. Wewe ni ofisa wa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni, Arstotzka. Ni Novemba 1982, vita na nchi jirani vimeisha juzijuzi, na kazi hii umeipata kwa bahati nasibu ya serikali. Kibanda kimoja, foleni moja ndefu, mihuri miwili, wa kijani na wa nyekundu.

Kanuni ni hizi. Kila msafiri unayemhudumia sawasawa unalipwa fedha tano. Ukikosea, mashine inacharaza karatasi ya onyo. Maonyo mawili ya kwanza ya siku hayana makato, la tatu unakatwa. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni, ukiwa umehudumia watu wawili au ishirini, shauri yako. Kila asubuhi inakuja sheria mpya juu ya zile za jana: leo raia wa nchi fulani wasakwe, kesho wageni wawe na kibali, keshokutwa anayekuja kufanya kazi awe na hati ya kazi. Na kila jioni inakuja orodha ya nyumbani. Kodi, chakula, joto, dawa. Una mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba. Ukilipia kimoja unakosa kingine, na asubuhi unaambiwa kwa neno moja hali ya kila mtu: mzima, ana baridi, ana njaa, mgonjwa.

Siku za mwanzo anakuja mwanamume, karatasi zake safi. Anakuomba: mke wangu yuko nyuma yangu kwenye foleni, mfanyie wema. Mke anakuja. Hana kibali. Anasema akirudishwa kwao watamuua. Ukimrudisha umefuata sheria na fedha tano zimeingia. Ukimpitisha, karatasi ya onyo. Mimi nilimpitisha, na jioni ile nyumba yangu ililala bila joto.

Nilikaa kitandani na simu mkononi, saa saba za usiku, nikahisi kitu ambacho riwaya hazijawahi kunipa. Riwaya zetu nyingi zina karani au ofisa mla rushwa, na tunamjua: ana kitambi, ana gari, ana nyumba ndogo Kinondoni, anachezea kalamu huku mjane amesimama. Sisi wasomaji tumesimama na mjane. Tangu tunazaliwa tumesimama na mjane. Kila aliyewahi kupanga foleni na bahasha ya kaki mkononi akaambiwa njoo kesho, anaujua upande huo wa dirisha vizuri sana. Gemu hii inakuhamisha, inakuketisha upande wa pili, inakupa muhuri, halafu inamwumiza mtoto wako polepole. Haikuambii kwamba ofisa ni mtu mwema. Inakuonyesha bei ya wema, kwa fedha tanotano, na kukuacha upige hesabu.

Baadaye kidogo anakuja askari wa zamu na dili. Yeye analipwa ziada kwa kila anayetiwa mahabusu, basi kama nikimletea watu wengi atanigawia. Hakuna wa kumdhulumu, ananiambia. Hao karatasi zao si zina kasoro? Na ni kweli zina kasoro. Mtu mwenye tarehe isiyolingana ningeweza kumrudisha tu alikotoka. Nikaanza kuwaweka ndani. Hakuna muziki uliobadilika, hakuna mhusika aliyetokea kunisuta. Mjomba akapata dawa. Niliendelea hivyo siku tano za gemu kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimeacha kuwatazama usoni. Natazama tarehe tu.

Hiyo ndugu zangu ndiyo dhamira iliyowekwa ndani ya kanuni. Hakuna aliyenihutubia. Waandishi wetu wengi, na najihesabu humo, tukitaka kusema kwamba umaskini huzaa ukatili, tunamleta mwalimu mstaafu ukurasa wa mia moja na kumi aiseme kwa sauti.

Si kwamba Papers, Please haina udhaifu. Ile njama ya chama cha siri kinachotaka kuipindua serikali inapwaya. Wanaleta barua za mafumbo kama wahusika wa sinema za kijasusi, na mvutano wa nyumbani, ambao ndio moyo wa kazi, unapungua nguvu kila wanapoingia. Miisho ipo ishirini, na mingi ni ya kukukamata tu na kukufunga. Lakini yupo mzee Jorji, ambaye mara ya kwanza haji na pasipoti, mara ya pili anakuja na pasipoti aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi, ya nchi isiyokuwepo. Unampiga muhuri mwekundu, anacheka, anaahidi kurudi. Na anarudi. Mhusika duara kama huyo, kwa mistari isiyojaza ukurasa, ni somo kwa yeyote anayeandika hadithi fupi. Ninayoandika mimi sasa ina karani wa mapokezi. Nimempa mama mkwe mgonjwa.

Gemu ya pili ya maana ilikuwa Disco Elysium, ya mwaka 2019, na hii inawahusu wenzangu wa kalamu kwa sababu mbili tofauti. Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Mpelelezi anaamka kwenye chumba cha hoteli, kalewa mpaka kasahau jina lake, na nyuma ya hoteli kuna maiti inaning'inia mtini. Hakuna kupigana kwa vitufe. Kila kitu ni mazungumzo, maneno zaidi ya milioni moja kwa jumla, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ni ndani ya kichwa cha mpelelezi mwenyewe. Vipaji vyake ishirini na vinne vina sauti: mantiki inasema lake, huruma inasema lake, tamaa ya pombe nayo inadai nafasi yake. Yaani monolojia ya ndani, ile tunayoijua kwenye riwaya, imegeuzwa kuwa kikao cha ukoo ambacho kila mjomba anapiga kelele. Nilisoma nikiwa na Kamusi ya TUKI pembeni, na nakiri nusu ya utani ulinipita juu ya kichwa. Niliifikisha katikati nikaiacha kwa muda. Kioo cha kompyuta ndogo si mahali pa kusoma maneno milioni moja.

Sababu ya pili ni mtunzi. Robert Kurvitz ni mtu wa Estonia, na kabla ya gemu aliandika riwaya iliyotoka mwaka 2013 kwa lugha ya kwao. Haikuuzika. Waliojaribu kuuza kitabu mkono kwa mkono stendi na kwenye matamasha wanalijua neno hilo lina uzito gani. Basi yeye na wenzake wakauchukua ulimwengu uleule wa riwaya wakaujengea gemu, na gemu hiyo ilizoa tuzo nne kwa usiku mmoja kwenye The Game Awards za mwaka 2019. Mpaka hapo ni ngano tamu, na nimeisikia ikisimuliwa hivyo hata na watu wa kwetu: kitabu kikikataa, tengeneza gemu.

Wanakatiza mapema. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba Kurvitz na wenzake wawili waliokuwa nguzo za kazi ile hawamo tena kwenye kampuni, na kwamba hawakuondoka kwa hiari. Pande mbili zikatupiana tuhuma, mawakili wakaingia. Siwezi kusema nani mkweli. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyeuumba ulimwengu ule tangu ujana wake alijikuta nje ya mlango wake, huku wenye hisa wakiwa ndani. Kwenye kitabu chako kisichouzika angalau jina ni lako na maneno ni yako. Gemu inahitaji wachoraji, waandaaji wa programu, watu wa sauti, na juu yao wote mwenye mtaji. Vijana wanaoniuliza kama waache mashairi waende kuandikia gemu, mimi huwauliza kwanza kama wamewahi kusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho.

Ya tatu ndiyo niliyoingoja kuliko zote: Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Mimi sina mashine ya kuichezesha. Nilikwenda kwa mshikaji wangu anayehariri video za harusi, mwenye kompyuta yenye nguvu kuliko ndoa anazozirekodi, nikakaa kwake usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Aliyeiongoza gemu hii ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wenye asili ya Kenya. Ndiye aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Kaitengeneza na studio yake, Surgent, na aliyeichapa ni EA, kampuni ileile inayotuuzia mpira. Kisa chake amekisema hadharani: baba yake alifariki takriban miaka kumi kabla, na gemu ni maombolezo yake.

Hadithi ina tabaka mbili. Nje kuna Zuberi, kijana wa mji wa baadaye uitwao Amani, aliyefiwa na baba na kuachiwa kitabu. Anakifungua. Ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana, naye kafiwa na baba, na anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kufanya naye biashara: nikuletee mizimu mitatu mikubwa inayokukimbia, wewe unirudishie baba yangu. Mzee wetu kama unasoma hapa, naomba usikie: gemu nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni mtoto anayesoma kitabu alichoandika baba yake.

Na inaongea Kiswahili. Unakwenda kwenye mipangilio, unachagua sauti, basi, wanaanza kuongea kama watu. Nilishaizoea mitaa ya Los Santos na vibanda vya Arstotzka mpaka nikadhani gemu na lugha yangu ni mafuta na maji. Wadogo zake mshikaji, wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili, walikuja kukaa mkekani nyuma yetu. Padi ikampitia yule mkubwa. Zau akaanza kuongea na Kalunga. Nikakitazama kidole cha mtoto. Hakikubonyeza. Alingoja mpaka wakamaliza, akamuuliza mwenzie, “Kwani kafa kweli?”

Baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Sijaandika mstari wowote wa maana juu yake. Nimejaribu utenzi, nimejaribu shairi huru, kila nikimaliza naona nimeandika tangazo la kifo lenye vina. Kwetu msibani maneno yapo tayari, yametunzwa na wazee, na ni mazuri: kazi ya Mungu haina makosa, sote njia yetu moja, poleni sana. Ukiwa na huzuni yana pa kukuweka. Ukiwa na hasira hayana kiti. Mimi nilikuwa na hasira, na nikapokea pole kwa mikono miwili siku arobaini.

Zau anaanza na hasira. Hampokei mtu pole, anamgombeza mungu. Na kanuni ya gemu inamuunga mkono: amevaa nyuso mbili, ya jua na ya mwezi, moja ya moto na ya mapambano ya karibu, nyingine ya baridi inayopiga kwa mbali, na mchezaji anabadilisha kwa kitufe kimoja katikati ya pigano. Kuwaka, kuganda. Kuwaka, kuganda. Wale mnaojua mwaka wa kwanza wa msiba hamhitaji maelezo. Halafu kuna mibuyu. Katikati ya safari unakuta mbuyu, Zau anakaa chini yake, hakuna adui, anawaza tu, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Nilikaa kwenye mbuyu wa pili muda mrefu mpaka mshikaji akauliza kama kompyuta imeganda.

Hapo ndipo ningependa kuishia kusifu, kwa sababu uhakiki wa mapenzi si uhakiki. Gemu hii inaogopa ukimya. Kalunga, ambaye angeweza kuwa mhusika wa kutisha, mara nyingi ni mshauri nasaha. Kila Zau anapohisi jambo, Kalunga yuko begani kumfafanulia alichohisi. Mbuyu unafanya kazi kwa sababu unakuachia nafasi. Mazungumzo mengi yanaizibua nafasi hiyo na kuijaza maelezo. Ni yuleyule mwalimu mstaafu wa ukurasa wa mia moja na kumi, safari hii kavaa ngozi ya mungu. Mapigano nayo, baada ya saa tatu hivi, yanajirudia: uwanja unafungwa, adui wanashuka, uwanja unafunguliwa.

Na kuna suala la chungu kimoja. Gemu inatangazwa kuwa imetoka kwenye masimulizi ya Wabantu. Kalunga sawa, ni wa Kongo na Angola. Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini, kwa Wazulu na Waxhosa, sawa. Lakini GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu hata kidogo, na Kikiyaon anatoka Afrika Magharibi. Wote wamepikwa pamoja na kupakuliwa kwa Kiswahili. Mtunzi ana uhuru wa kuchanganya, sikatai, hata mashairi yetu ya pwani yamekula vya Uarabuni na Uajemi bila kuomba radhi. Ila mtoto wa mkekani aliniuliza Impundulu anaishi mkoa gani, na nikaona kwamba kwake bara zima limekuwa mtaa mmoja. Kuhusu Kiswahili chenyewe: nilikifurahia, sauti zina uhai, lakini hapa na pale nilihisi sentensi imezaliwa Kiingereza ikavishwa kanzu mlangoni. Waandishi wa Kiswahili wapo. Tuko Dar, Mombasa, Unguja, Lubumbashi, tunakaa vikao na kugombana juu ya mizani. Siku gemu itakapoandikwa na mmoja wetu kuanzia neno la kwanza, Kalunga huenda akaongea kwa mafumbo kama wazee wanavyoongea, na kunyamaza kama wazee wanavyonyamaza.

Mwisho wa Zau siutoi. Nitasema tu kwamba niliporudi nyumbani Jumapili nilifungua daftari nikaandika mistari sita juu ya baba, haina kina hata kimoja, na ndani yake nimemgombeza. Sijamwonyesha mtu.

Studio ya Surgent, tusisahau, ilipunguza wafanyakazi mwaka uleule wa 2024. Sifa hazikulipa mishahara. Nalisema hili kwa wale wanaodhani upande wa pili wa maji kuna sahani zimejaa.

Gemu ya sita ni ile ya kupanga peremende kwenye simu, Candy Crush, na naitaja kwa sababu nimeahidi hesabu ya gemu saba. Daladala ikikwama Ubungo inasaidia. Falsafa yake iko kwenye kanuni pia: inakuwekea mioyo mitano, ikiisha ungoje au ulipe. Ni duka lililovaa barakoa ya mchezo.

Ya saba bado iko mikononi. Ni ya Lucas Pope tena, ya mwaka 2018, inaitwa Return of the Obra Dinn. Ni mwaka 1807, meli iliyopotea imerudi bandarini yenyewe, haina mtu hai ndani. Wewe ni mkaguzi wa bima. Una daftari lenye picha na orodha ya watu sitini, na saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye dakika ambayo kila mmoja alikufa: unasikia sauti za mwisho, halafu picha moja iliyoganda, unaizunguka. Kazi ni kuandika nani huyu na kafaje. Huambiwi. Unamtambua mtu kwa lafudhi, kwa namba ya kitanda chake, kwa namna alivyovaa soksi. Ukipatia watatu gemu inakuthibitishia, ukipatia wawili inakaa kimya. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, na wengi wa hao sitini ni mabaharia wa kawaida, Wahindi, Wachina, Warusi, ambao katika riwaya yoyote ya meli wangeitwa “wengine”. Hapa huwezi kumaliza kabla hujampa kila mmoja jina lake.

Nimefika arobaini na wawili. Wamebaki kumi na wanane, na kati yao kuna mabaharia wanne nisioweza kuwatofautisha hata kwa viatu. Mshikaji anaitaka kompyuta yake Ijumaa, ana harusi Mbagala.